Mpaka Ulihamia Wapi: Kisa cha Uingereza Kujitoa Umoja wa Ulaya

Mei 2016, mwezi mmoja kabla ya kura ya maoni, Hazina ya Uingereza ilitoa waraka wa kutisha. Wananchi wakiamua kujitoa Umoja wa Ulaya, ulisema, uchumi utaingia kwenye mdororo papo hapo, pato la taifa litakuwa pungufu kwa asilimia 3.6 baada ya miaka miwili, na watu wapatao 500,000 watakosa ajira. Juni 23 kura zikapigwa: asilimia 51.9 wakasema tutoke, asilimia 48.1 wakasema tubaki. Usiku uleule pauni ikaporomoka mbele ya dola hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985. Mdororo, hata hivyo, haukuja. Mwaka ukaisha watu wakiwa kazini na maduka yakiuza, na waliopigia debe kujitoa wakapata la kusema kwa miaka iliyofuata: si mnaona, walikuwa wanatutisha tu.

Wachambuzi wengi wa kisa hiki hupotelea hapo, wa pande zote mbili. Hazina hiyohiyo ilikuwa imetoa waraka mwingine mwezi Aprili, mrefu na mkavu, ambao wanasiasa hawakuushabikia sana. Huo haukutabiri tetemeko. Ulisema kwamba kama Uingereza itatoka na kubaki na mkataba wa kawaida wa biashara, baada ya miaka 15 pato lake litakuwa dogo kwa asilimia 6.2 kuliko ambavyo lingekuwa ingebaki. Leo Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ya Uingereza, chombo huru kinachotoa makadirio rasmi ya uchumi na bajeti, hufanya hesabu zake kwa kuchukulia kwamba tija ya nchi itapungua kwa asilimia 4 katika muda mrefu kwa sababu ya kujitoa, na kwamba biashara ya nje kwa jumla itakuwa ndogo kwa asilimia 15. Namba hazilingani, lakini zinaelekea upande mmoja. Kilichokosewa ni saa, na katika siasa kukosea saa ni sawa na kukosea kila kitu.

Kwangu, basi, swali la maana kwa nchi yoyote inayotoka kwenye umoja si hasara kiasi gani itaanguka siku ya kwanza. Ni hili: mpaka uliokuwa umefutwa unarudi wapi, na nani atasimama pale akishika karatasi?

Kwa nini halikutikisika mapema

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Siku ya kura hakuna kilichobadilika. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya, ambacho ndicho kinachoweka utaratibu wa mwanachama kutoka, kilianza kutumika Machi 29, 2017, na kinatoa miaka miwili ya mazungumzo. Haikutosha. Waziri Mkuu Theresa May alipeleka mkataba wake bungeni ukakataliwa mara tatu, akaondoka, akaja Boris Johnson, tarehe ikasogezwa na kusogezwa tena. Uingereza ilitoka rasmi usiku wa Januari 31, 2020, baada ya miaka 47 ya uanachama, na hata hapo ikapewa kipindi cha mpito hadi Desemba 31 mwaka huohuo, malori yakiendelea kupita bandari ya Dover kama zamani. Kati ya kura na siku dereva alipodaiwa karatasi ya kwanza ilipita miaka minne na nusu.

Sababu ya pili ni Benki Kuu ya Uingereza, ambayo Agosti 2016 ilishusha riba hadi asilimia 0.25. Kaya zikaendelea kutumia. Kilichosogea ni bei: pauni dhaifu ilipandisha gharama ya bidhaa zinazoagizwa nje, na mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 0.5 mwezi wa kura ukafika asilimia 3.1 Novemba 2017. Na kikapooza kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho, yaani uwekezaji wa makampuni. Mwenye kiwanda hakifungi kwa sababu ya kura. Anaahirisha tu kununua mashine mpya mpaka ajue sheria zitakuwaje, na mashine isiyonunuliwa haisomwi kwenye taarifa ya habari.

Ushuru sifuri, makaratasi tele

Umoja wa Ulaya una tabaka mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni umoja wa forodha: wanachama hawatozani ushuru, na wote wanatoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Ya pili ni soko la pamoja: kanuni ni moja za ubora, afya na usalama, hivyo kilichoruhusiwa kuuzwa Lisbon kimeruhusiwa Warsaw bila kukaguliwa tena. Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuteleza hapa, maana tuna umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na bado lori linasimama Namanga. La kwao lilikuwa halisimami.

Serikali ya Johnson iliamua kutoka kwenye tabaka zote mbili. Mkataba wa Biashara na Ushirikiano, uliokamilishwa mkesha wa Krismasi 2020, ulifuta ushuru na viwango vya ukomo kwa bidhaa zinazovuka. Ushangiliaji ulikuwa mkubwa. Shida ni kwamba ushuru haukuwa tishio kuu, kwa kuwa ushuru wa bidhaa nyingi za viwandani duniani ni mdogo siku hizi. Tishio lilikuwa kuthibitisha.

Tazama samaki wa Scotland. Wavuvi na wasindikaji wa pwani ya kule huuza kambakochi, kamba na kome Ufaransa na Hispania, mara nyingi wakiwa hai au wabichi, na mnunuzi anawataka sokoni kesho yake. Mfanyabiashara mdogo hajazi lori peke yake. Mizigo ya wengi inakusanywa Larkhall, karibu na Glasgow, inapakiwa kwenye lori moja na kuelekea kusini. Kabla ya Januari 2021 ilihitajika hati ya usafirishaji tu. Baada yake kila shehena ilihitaji cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo, cheti cha uvuvi, tamko la forodha la kutoka na lingine la kuingia. Mmoja akikosea msimbo, lori zima linasimama na mizigo ya wenzake ndani. Wiki za mwanzo mfumo ulielemewa kiasi kwamba huduma ya kuchanganya mizigo ikasimamishwa kwa muda, na Januari 18 madereva wa malori ya samaki wakaenda kuegesha karibu na Bunge, London, kulalamika.

Waliouza kome na chaza hai walikutwa na balaa jingine. Sheria za Ulaya haziruhusu nchi isiyo mwanachama kuingiza kome hai waliovuliwa kwenye maji yasiyo safi kabisa kabla hawajasafishwa kwenye matangi. Bahari ya Wales na ya kusini-magharibi mwa England haikuchafuka usiku wa mwaka mpya. Sheria ilikuwepo miaka yote, na Uingereza ilishiriki kuitunga. Ila sasa ilikuwa upande wake wa nje.

Kisha kuna suala la uasili wa bidhaa. Ushuru ni sifuri kwa kilichotengenezwa Uingereza au Ulaya, si kwa kilichopita tu. Shati lililoshonwa China, likalipiwa ushuru bandarini Uingereza, likakaa ghalani, kisha likatumwa dukani Dublin, linaweza kutozwa ushuru mara ya pili. Kampuni nyingi zilizotumia Uingereza kama ghala la Ulaya ziligundua hili baada ya kupokea bili.

Januari 2021 mauzo ya bidhaa za Uingereza kwenda Umoja wa Ulaya yalishuka kwa asilimia 40.7 kulinganisha na Desemba. Namba hiyo inapendwa sana na waliotaka kubaki, lakini ina chumvi ndani yake: wateja walikuwa wamejaza maghala Desemba, na korona ilikuwa imefunga miji. Miezi iliyofuata sehemu kubwa ilirudi. Ushahidi mzito zaidi ulikuja baadaye. Watafiti wa London School of Economics walikadiria kwamba kampuni zaidi ya 16,000 ziliacha kabisa kuuza bidhaa Umoja wa Ulaya. Makubwa yaliajiri mawakala wa forodha yakaendelea. Yaliyokata tamaa ni madogo, yaliyokuwa yakituma jibini, vitabu au vipuri kwa wateja wachache. Ada ya cheti haijali kama shehena ina thamani ya pauni 300 au 300,000.

Cha kuchekesha ni upande wa pili wa mpaka. Ulaya ilianza kukagua bidhaa za Waingereza siku ya kwanza. Uingereza yenyewe, iliyotoka ili idhibiti mipaka yake, iliahirisha ukaguzi wa vyakula vya Ulaya mara kadhaa na kuuanza kimwili Aprili 30, 2024. Mawaziri walijua kwamba kukagua nyanya za watu ni kupandisha bei ya nyanya.

Kisiwa kimoja, mipaka miwili

Bila Ireland Kaskazini kisa hiki kingekuwa hesabu tu. Jimbo hilo la Uingereza liko kisiwa kimoja na Jamhuri ya Ireland, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mpaka kati yao una urefu wa takriban kilomita 500 na njia za kuvukia zaidi ya 200. Kuna mashamba ambayo ng'ombe hulala nchi moja na kuchunga nchi nyingine. Kwa miaka 30 mpaka huo ulikuwa na askari na minara, na mgogoro ule uliua watu zaidi ya 3,500. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998 uliusimamisha, na moja ya mambo yaliyouwezesha ni kwamba nchi zote mbili zilikuwa ndani ya soko moja, hivyo hapakuwa na sababu ya kumsimamisha mtu barabarani.

Nchi mbili zenye forodha tofauti na kanuni tofauti lazima ziwe na mpaka mahali fulani. Hilo ndilo lililomkwamisha Theresa May. Angeuweka nchi kavu, angechezea amani. Angeibakiza Uingereza nzima kwenye umoja wa forodha, wabunge wake wangemng'oa, na walimng'oa. Johnson alichagua la tatu: mpaka uwe baharini, kati ya kisiwa cha Britania na Ireland Kaskazini. Jimbo likabaki linafuata kanuni za bidhaa za Ulaya, na meli inayotoka Scotland kwenda Larne ikawa, kwa maana ya chakula na mimea, inatoka nje kuingia Ulaya. Katika nchi ileile.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Mbegu za viazi za Scotland, zilizopandwa Ireland Kaskazini miaka nenda rudi, zikapigwa marufuku. Mche wenye udongo wa England ukakataliwa. Ukazuka mvutano wa soseji, kwa sababu Ulaya hairuhusu nyama mbichi ya kusaga kutoka nchi isiyo mwanachama. Februari 2021 wakaguzi wa bandari za Belfast na Larne waliondolewa kazini kwa muda baada ya vitisho kuandikwa ukutani. Kwa wale wanaojihesabu Waingereza kwa damu na imani, karatasi ile haikuwa ya forodha. Ilikuwa tangazo kwamba wametupwa. Chama chao kikubwa, DUP, kiligoma kushiriki serikali ya jimbo tangu Februari 2022, na jimbo likakaa miaka miwili bila mawaziri huku foleni za hospitali zikirefuka. Kejeli ni kwamba DUP ndiyo iliyopigia kampeni kujitoa, ilhali asilimia 55.8 ya wapiga kura wa jimbo walitaka kubaki.

Mkataba wa Windsor, uliofikiwa na Waziri Mkuu Rishi Sunak na rais wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen, Februari 27, 2023, ulipunguza makali: njia ya kijani kwa bidhaa zinazobaki jimboni, nyekundu kwa zinazoelekea Jamhuri. Mbegu za viazi zikarudi. Lakini mpaka wa baharini upo mpaka leo, na biashara inaufuata. Biashara kati ya pande mbili za kisiwa cha Ireland imeongezeka sana tangu 2021, na meli za mizigo kutoka bandari ya Rosslare, katika Jamhuri, moja kwa moja hadi Ufaransa zimeongezeka mara kadhaa kwa sababu wasafirishaji wa Ireland hawataki tena kukatiza Uingereza. Serikali yenye dhamira ya kuimarisha umoja wa nchi yake iliishia kulisogeza jimbo lake moja karibu na jirani.

Watu

Kwa wengi waliopiga kura ya kutoka, suala lilikuwa uhamiaji. Uhuru wa raia wa Ulaya kuingia na kufanya kazi uliisha Desemba 31, 2020. Mwaka mmoja haukupita, Septemba 2021, vituo vya mafuta vikawa na foleni, mafuta yapo kwenye maghala ila madereva wa kuyapeleka hawatoshi, na serikali ikatoa viza za muda 5,000 kwa madereva wa kigeni. Korona ilichangia, madereva wa Poland na Romania waliorudi kwao walichangia pia.

Ila kwa miaka ya mwanzo jumla ya wahamiaji haikushuka. Mwaka wa kura, wahamiaji waliongezeka kwa takriban 330,000 baada ya kutoa walioondoka. Kufikia 2023 idadi hiyo ilipita 900,000 kwa mwaka, wengi wao kutoka India, Nigeria na kwingineko nje ya Ulaya, wakija kusoma na kuhudumia wagonjwa na wazee. Nchi ilipata kweli uwezo wa kuchagua, kisha hospitali na nyumba za wazee zikachagua kwa niaba yake. Julai 2021 Uingereza ilisaini na Kenya makubaliano ya kuajiri wauguzi. Mpiga kura wa Sunderland aliyesema tutoke, na mji wake ulisema hivyo kwa asilimia 61, sidhani kama alikuwa na picha hiyo kichwani.

Waridi la Naivasha

Mawimbi yalifika kwetu. Julai 2016, wiki chache baada ya kura, Tanzania ilisema haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya, na mtikisiko wa Uingereza ulikuwa miongoni mwa sababu ilizotaja. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba. Jumuiya ikabaki na mkataba usio na miguu.

Kenya ilikuwa na sababu ya kuhangaika kuliko jirani zake. Tanzania, Uganda na Rwanda, zikihesabiwa kati ya nchi zenye maendeleo duni, huuza Uingereza bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haimo kundini. Uingereza ilipotoka bila mkataba mbadala, maharage mabichi na maua ya Kenya yalikuwa hatarini kukosa unafuu, na ushuru wa maua ya kukatwa ni asilimia 8. Ndiyo maana Nairobi ilikwenda London peke yake kusaini Desemba 8, 2020, wiki tatu kabla ya kipindi cha mpito kuisha, huku baadhi ya wenzake wa Jumuiya wakiguna.

Bado kulikuwa na tundu. Waridi nyingi za Naivasha haziendi London moja kwa moja. Hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, hufungwa mashada, ndipo huvuka. Zamani Uholanzi na Uingereza vilikuwa soko moja, hakuna aliyeuliza ua limezaliwa wapi. Sasa ua la Kenya lililopitia Uholanzi lingeweza kupoteza unafuu wake na kudaiwa asilimia 8. Serikali ya Uingereza ilisitisha ushuru huo kwa maua ya dunia nzima kuanzia Aprili 2024 hadi Juni 2026. Ni mfano mzuri wa namna kujitoa kunavyomfikia mtu ambaye hakupiga kura, hakuulizwa, na yuko bara jingine akichuma maua.

Je, hakuna faida?

Zipo, na anayezikana anafanya ushabiki. Uingereza ina sera yake ya biashara: Trump alipotangaza ushuru mwaka 2025, bidhaa nyingi za Uingereza ziliwekewa asilimia 10, huku Ulaya ikiishia kukubaliana asilimia 15. Hofu kwamba soko la fedha la London litahamia Frankfurt na Paris ilikuzwa. Nafasi za kazi zilizohama zilikadiriwa kuwa 7,000 hivi, wakati waliotabiri makumi ya maelfu hawakuwa wachache. Mauzo ya huduma yameshikilia vizuri. Mkataba na Australia, kwa upande mwingine, serikali yenyewe ilikadiria utaongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08. Iweke hiyo kando ya ile 4.

Chanjo ya korona iliyoidhinishwa Desemba 2, 2020, mapema kuliko Ulaya, hutajwa sana kama tunda la kujitoa. Si kweli. Siku hiyo Uingereza ilikuwa bado inafuata sheria za Ulaya, na sheria hizo zilikuwa na kifungu cha dharura kilichomruhusu mwanachama yeyote kufanya hivyo.

Mei 19, 2025, serikali ya Keir Starmer ilikubaliana na Brussels kuanza kuondoa vyeti vya vyakula vilevile vilivyokwamisha kambakochi wa Scotland. Sharti ni kwamba Uingereza ifuate kanuni za Ulaya za chakula kadiri zinavyobadilika, bila kuwa na kura pale zinapopigiwa kura. Katika mapatano hayohayo, meli za Ulaya zilipewa haki ya kuendelea kuvua kwenye maji ya Uingereza hadi 2038. Juni 2016, siku chache kabla ya kura, wavuvi walipandisha boti zao mto Thames hadi mbele ya Bunge kudai bahari yao irudishwe. Uvuvi haufiki hata asilimia 0.1 ya pato la taifa, lakini ulibeba bendera ya kampeni nzima. Miaka tisa baadaye wengi wao walilisoma tangazo la 2038 kama kuuzwa. Wenzao wa usindikaji, ambao mzigo wao unaharibika usipofika Boulogne, Ufaransa, asubuhi, walilipokea kwa furaha.